Mshale hauna mkono: juu ya majani, manyoya na wapiga upinde wa kushoto

Andiko hili lilianza kwa ubishi. Tulikuwa tunatayarisha shindano la upinde la vijana kwa siku ya utamaduni, na kijana mmoja akaja kuchukua mishale yake kama wenzake. Alipojaribu upinde, aliushika kwa mkono wa kuume na kuvuta kamba kwa mkono wa kushoto. Mzee mmoja wa komite akamnyang'anya mishale palepale. "Hii mishale ni ya mukono ya kuume," akasema. "Manyoya yake ni ya bawa ya kuume. Ukiirusha na kushoto itazunguka vibaya, itatoka pembeni, itatoboa mutu." Kijana akaambiwa abadilishe mkono ao aketi. Akaketi.

Sisi tuliokuwapo hatukumtetea, kwa sababu jibu hatukuwa nalo. Mzee alisema kwa uhakika, tena ndani ya maneno yake mlikuwa na kitu cha kweli, na kosa lililovikwa ukweli ni gumu kulitambua. Tangu siku ile tumeulizauliza, tumesoma, tumeshika manyoya ya kuku na ya kanga mikononi kama watoto. Tunaandika hapa tulichokipata, kusudi ubishi ule ukirudi mwaka mwingine tusikae tena kimya.

Tuanzie nyumbani, katika msitu wa Ituri. Huko si watu wote wa msitu wanaowinda namna moja. Wambuti wa upande wa Epulu wanajulikana kwa wavu, na Waefe, walio jirani za Walese upande wa kaskazini na mashariki, ndio watu wa upinde. Tofauti hiyo imeandikwa na watafiti wengi. Mjapani Reizo Harako aliilinganisha katika andiko lake la mwaka 1976, na kuanzia mwanzo wa miaka ya 1980 watafiti kutoka chuo kikuu cha Harvard walikaa muda mrefu kati ya Waefe, wakihesabu nani anawinda nini na kwa chombo gani. Kwa hiyo tukitaka kujua kama mazoea ya wazee wetu yanamkataa mpiga upinde wa kushoto, mshale wa kuuliza kwanza ni mshale wa Waefe.

Mshale huo ni wa namna mbili kubwa. Kuna ule wenye kigumba cha chuma, kwa nyama wa chini kama mboloko. Na kuna ule wa kijiti kitupu, ncha yake imechongwa kali, imekaushwa motoni na kupakwa sumu ya mimea. Huo ni hasa wa kima aliye juu ya mti. Sasa tazama nyuma yake. Hakuna nyoya la ndege. Mtengenezaji amepasua kijiti kidogo, akachukua jani gumu, akalikata kwa kipimo, akalichomeka ndani ya ule ufa, jani likatokeza pande mbili. Basi, huo ndio usukani wote wa mshale.

Jani hilo linafanya nini? Mshale ukiruka, upepo unashika jani kuliko unavyoshika kijiti chembamba. Nyuma inavutwa kidogo, mbele inatangulia. Mkia ukitaka kwenda pembeni, upepo unausukuma kurudi mahali pake. Ni kazi ile ile inayofanywa na mkia wa tiara ya watoto. Kazi hiyo haihitaji mshale uzunguke hata kidogo. Tena msituni mtu harushi mbali sana, matawi na kamba za porini haziruhusu. Ule muda mfupi wa mshale kuwa hewani hautoshi kwa mzunguko mwingi.

Hatusemi kwamba mshale wa jani hauzunguki kamwe. Jani likianza kukauka linajikunja, na likijikunja upande mmoja, upepo utauzungusha mshale kwa upande ule. Lakini ni jani lililoamua, si mkono. Mshale huo huo ukiutoa katika podo la baba wa kuume na kuutia katika podo la mtoto wa kushoto, utazunguka vile vile kama jana. Jani linatokeza sawa pande zote mbili za kijiti, halina kuume wala kushoto. Kwa hiyo ile kanuni ya mzee wetu, ya manyoya ya bawa la kuume kwa mtu wa kuume, haikutoka msituni kwetu. Msituni hakuna hata nyoya la kuitegemeza.

Wala msidhani kwamba mishale ya namna hiyo ya kijiti na sumu ni mchezo wa watoto. Mwezi wa Agosti 1887, Stanley alipokuwa anapanda mto Aruwimi kwenda kumtafuta Emin Pasha, watu wake walipigwa mishale ya sumu pahali palipoitwa Avisibba. Luteni William Stairs alichomwa kifuani, na ncha ikavunjikia ndani. Yeye alipona, wengine waliojeruhiwa pamoja naye walikufa baada ya siku chache, kwa maumivu makali sana. Kipande kile Stairs alikaa nacho mwilini zaidi ya mwaka mzima kabla ya kutolewa na daktari wa msafara. Ni Stairs yule yule aliyekuja kuongoza msafara wa Katanga, na ni mbele ya msafara wake mfalme Msiri aliuawa kule Bunkeya tarehe 20 Desemba 1891. Mara nyingi tumejiuliza historia ya Katanga ingeandikwaje kama mshale ule ungeingia kidole kimoja pembeni. Aliyeurusha hakuacha jina. Alivuta kwa mkono gani, hakuna aliyemwuliza.

Sasa tuje kwenye manyoya, maana mishale ya shindano letu ilifungwa manyoya, na hapo ndipo mzee alikuwa na nusu ya ukweli.

Chukua kuku, ao kanga kama unaye, ukunjue mabawa yake mawili. Toa nyoya moja kubwa kila upande, uyalaze juu ya meza. Utaona kwamba hayalingani. Kila moja limejipinda, na mipindo yao inatazamana kama viganja viwili vya mtu mmoja. Nyoya la bawa la kuume haliwezi kukaa pahali pa nyoya la bawa la kushoto, sawa vile kiatu cha kuume hakiingii mguu wa kushoto. Ukifunga mshale manyoya matatu ya bawa la kushoto, upepo unapiga mipindo yao na mshale unazunguka kinyume cha mshale wa saa. Ukifunga ya bawa la kuume, unazunguka kwa kufuata mshale wa saa. (Mshale wa saa na mshale wa upinde, Kiswahili kimeviweka katika jina moja, tusamehewe kurudiarudia.) Hapo tunatazama mshale tukiwa nyuma yake, pale mpigaji anaposimama. Mtu aliyesimama upande wa shabaha ataona kinyume, na tunashuku kwamba mabishano mengi ya zamani yalitoka hapo tu: wawili walitazama mshale mmoja kutoka pande mbili.

Mzunguko huo una faida. Hakuna mshale ulionyoka kabisa. Kijiti kina kifundo hapa, kigumba kimeinama kidogo pale. Usipozunguka, kosa hilo linasukuma mshale upande mmoja njia nzima. Ukizunguka, kosa linasukuma mara huku mara kule, na mwisho misukumo inafutana. Ndiyo sababu wafundi wengine huyafunga manyoya yakiinama kidogo, kusudi mzunguko uanze mapema.

Lakini kanuni ya fundi ni moja tu: mshale mmoja, bawa moja. Manyoya yote ya mshale yatoke upande mmoja wa ndege, uwe wa kuume ao wa kushoto, haidhuru. Ukichanganya, nyoya moja linasukuma huku, la pili kule, na mshale unayumba kama mlevi. Ukimpa mtu wa kuume mshale wa bawa la kushoto, utakwenda vizuri. Ukimpa mtu wa kushoto mshale wa bawa la kuume, vile vile. Ndege ana mabawa mawili, na fundi mwenye akili hatupi nusu ya manyoya yake.

Kuna mzee aliyetujibu hivi: basi mbona risasi inazungushwa na bunduki, na bunduki si lazima ijue upande? Tunamshukuru, maana mfano wake umetusaidia kuliko alivyotaka. Katika eneo letu hakuna asiyeijua AK-47, kwa bahati mbaya. Ndani ya mtutu wake mna mifereji iliyosokotwa, inayoizungusha risasi mara moja katika kila milimita 240. Risasi ikitoka kwa mwendo wa metre 715 kwa sekunde, utapata mizunguko karibu 3.000 kwa sekunde moja. Mifereji hiyo imesokotwa kwenda kuume, kwa kila askari. Hakuna jeshi linalogawa mitutu ya kushoto kwa askari wa kushoto, wala risasi za askari hao haziendi pembeni. Kitu kinachomsumbua askari wa kushoto ni kingine kabisa: maganda ya risasi yanarukia upande wa kuume, na yeye aliyeweka bunduki kwenye bega la kushoto anayaona yakipita mbele ya uso wake. Yaani taabu yake inatoka katika upande, haitoki katika mzunguko. Mshale nao ni vivyo hivyo. Isipokuwa mshale hauzunguki kama risasi hata kwa mbali. Risasi inasimamishwa na mzunguko, mshale unasimamishwa na mkia.

Basi mkono hauna neno lolote? Unalo, ila si pale mzee alipolitafuta.

Mshale haupiti katikati ya upinde, unapita ubavuni mwake. Mtu wa kuume anayevuta kwa vidole vitatu huulaza mshale upande wa kushoto wa upinde. Mtu wa kushoto huulaza upande wa kuume. (Wanaovuta kwa dole gumba, kama watu wa Asia, hugeuza mambo hayo.) Kamba inaposukuma, mshale ungepaswa kugonga mti wa upinde na kutupwa pembeni, lakini ukitengenezwa vizuri unakwenda mbele moja kwa moja. Jambo hili liliwashangaza watu hata Mmarekani Robert Elmer akalipa jina mwaka 1913, kitendawili cha mpiga upinde. Jibu lilionekana wazi miaka ya 1930, wataalamu kama Paul Klopsteg na Clarence Hickman walipopiga picha za haraka sana. Mshale unapotoka unajipinda kama nyoka. Unaukwepa mti wa upinde kwa tumbo lake, kisha unajipinda upande wa pili, na kurudi, mpaka unatulia hewani.

Kwa hiyo ugumu wa kijiti ndio unaosema mshale utakwenda wapi. Kijiti kigumu mno hakijipindi vya kutosha, nacho kinatupwa upande ule ule mshale ulipolazwa: kwa mtu wa kuume kinakwenda kushoto, kwa mtu wa kushoto kinakwenda kuume. Kijiti laini mno kinafanya kinyume. Hapo ndipo watu walipodanganyika, tunavyofikiri. Mtu wa kushoto akipewa mishale isiyofaa nguvu ya upinde wake, mishale yote itakwenda upande ambao wenzake hawajazoea kuuona, na watazamaji watasema, mnaona, anarusha kinyume! Mwenzake wa kuume naye anakosa kwa kipimo kile kile, lakini kosa lake limezoeleka, hakuna anayelitafutia sababu katika mkono.

Na manyoya? Wakati mshale unapita ubavuni mwa upinde, manyoya yake bado hayajauzungusha hata mara moja kamili. Mzunguko ni kazi ya hewani, na hewani mkono umeshaachia zamani. Lililobaki ni kutunza manyoya yasikwaruze mti. Kwenye mshale wa manyoya matatu, moja hufungwa la rangi nyingine, nalo linatazama nje, mbali na upinde. Kwa mtu wa kuume nje ni kushoto, kwa mtu wa kushoto nje ni kuume. Sasa, ule mkato wa nyuma unaoingia katika kamba una sura moja ukiugeuza nusu mzunguko. Mtu wa kushoto anageuza mshale kwa vidole, nyoya la rangi linahamia upande wa pili, anauweka katika kamba, amemaliza. Ile kazi iliyomfanya kijana wetu aketi siku nzima inachukua muda wa kupenga kamasi.

Tuongeze jambo moja dogo kwa wapenda fizike. Kamba ya upinde imesokotwa, na inapojinyoosha kwa nguvu inaweza kuugeuza mshale kidogo upande mmoja hata kabla manyoya hayajashika hewa. Wapiga upinde wa siku hizi wanaolijua hilo huchagua bawa linalosaidia mgeuko ule kuliko linalopingana nao. Ni uchaguzi mzuri, lakini tena ni habari ya kamba, maana kamba moja iliyosokotwa kwenda kuume inabaki vile hata ukiitia katika upinde wa mtu wa kushoto.

Baada ya hayo yote lilitubakia swali ambalo si la upinde. Mbona sote tulimwamini mzee haraka hivi, sisi tuliosoma? Kama angesema mishale hii haifai watu wafupi, tungemcheka.

Tulilelewa hivyo. Kumpa mtu kitu kwa mkono wa kushoto ni dharau, na mtoto anayesahau anapigwa kofi la vidole. Kiswahili chenyewe kinasema mkono wa kuume, yaani wa kiume, na wengine wanasema mkono wa kulia, ule wa kula chakula. Lingala inaongeza chumvi: kuume ni loboko ya mobali, kushoto ni loboko ya mwasi. Na tuliosoma shule ya msingi zamani tunakumbuka wenzetu waliofungwa kitambaa kwenye mkono wa kushoto mpaka wajue kuandika na ule wa pili. Katika darasa letu mmoja alikuwa na hati nzuri kabisa kabla ya kitambaa. Baada yake aliandika kama jogoo aliyekanyaga wino, akaacha shule kabla ya cheti. Hakuna aliyeona ajabu, hata sisi.

Tena tulikuwa tunasoma Biblia kila asubuhi darasani humo! Kitabu cha Waamuzi, sura ya 20, kinataja watu mia saba wa kabila la Benyamini, wote wa kushoto, wapiga teo wasiokosa shabaha. Na Mambo ya Nyakati wa kwanza, sura ya 12, inataja wapiga upinde wa kabila hilo hilo waliomwendea Daudi, hodari wa kurusha mishale kwa mikono yote miwili. Jina Benyamini maana yake ni mwana wa mkono wa kuume. Mwandishi wa zamani hakuona aibu kuwaweka watu wa kushoto katika kabila la jina hilo, na walimu wetu walipita mistari hiyo bila kusimama.

Heshima ya kutoa na kupokea kwa mkono wa kuume hatuigusi, ni adabu yetu na ina pahali pake. Kamba ya upinde si mkono wa salamu. Kubadilisha mkono mbele ya shabaha si adabu, ni hatari: mtu anayelenga kwa jicho lisilo lake na kuachia kwa vidole visivyozoea ndiye hasa anayeweza kutoboa mutu, kama mzee alivyoogopa. Mtu wa kushoto akirusha anautazama mstari kinyume cha wenzake, kwa hiyo wasimamizi wamweke mwisho wa mstari, asisukumane viwiko na jirani. Zaidi ya hilo hatuoni lingine la kumdai.

Kabla ya kumaliza andiko hili tulikwenda kufungua lile fungu la mishale ya shindano, lililokuwa limewekwa salama pamoja na ngoma. Mlikuwa na mishale kumi na miwili. Tuliyatazama manyoya yake moja moja kwenye mwanga wa dirisha. Tisa ilikuwa ya bawa la kuume tupu, kama mzee alivyosema. Mitatu ilikuwa imechanganywa, manyoya mawili ya bawa moja na moja la bawa la pili, na siku ile tuliwapa vijana wa kuume wakairusha. Hiyo mitatu tumeifungua, na tunatafuta manyoya mengine ya kanga.